Sanduku la Mbao Lenye Antena Mbili

Vijana wakiniuliza leo kama wanunue konsoli ya michezo au waunde kompyuta ya kuchezea, nawajibu haraka: nunueni konsoli. Wananishangaa, maana wanajua mimi ni fundi wa kuunda. Wanadhani nasema hivyo juu ya bei, au juu ya kurant, umeme wetu huu unaokuja na kuondoka bila kuaga. Siwaelezi. Konsoli, hata mzee asiyejua kusoma akiiona anajua ni mchezo wa watoto. Tena haifunguliwi ikagawanywa vipande, huyu achukue chake na yule chake. Mimi hayo mawili yananitosha, na sikuyasoma kwenye intaneti.

Tulikuwa wawili. Mimi mtoto wa karani, familia ya Kikatoliki iliyohamia Goma kutoka upande wa Bukavu kabla sijazaliwa. Yeye mtoto wa wafugaji wa milima ya Masisi, watu walioteremka mjini wakaanza kuuza jibini. Kati ya nyumba zetu kulikuwa na ukuta mmoja tu wa mawe meusi. Tulisoma shule moja, tukafeli hesabu pamoja, tukapata diploma mwaka mmoja, kisha tukakaa nyumbani pamoja bila kazi. Mama yangu alikuwa akimwita "mutoto wangu wa pili" na kumwekea chakula bila kuuliza kama ana njaa.

Mchezo tulikuwa tunachezea kwenye chumba kimoja cha mabati mtaani, ambapo unalipa kwa kila mechi, na ukichelewa kutoa pesa mwenye chumba anazima uko karibu kushinda. Tulichoka kufukuzwa. Nikamwambia rafiki yangu tukusanye pesa tununue konsoli yetu. Alicheka mpaka akakaa chini.

"We, konsoli ni mutego," akasema. "Unainunua mara moja, kisha kila mchezo unaununua tena. Ikikufa, ni basi. Mashini tunaijenga polepole, vile watu wanajenga nyumba hapa. Leo mbao, kesho mabati. Tukikwama, tunaingia tunalala hivyo hivyo."

Aka, yule alijua kuongea! Siku ile ile konsoli ikanitoka kichwani.

Upande wangu ulikuja rahisi. Papa alikuwa karani kwenye ofisi moja ya Himbi, na ofisi ilipobadilisha kompyuta zake, zile za zamani waliwaachia wafanyakazi kwa bei ya huruma. Papa akaja na moja juu ya pikipiki, ameikumbatia kifuani, boksi jembamba la chuma. "Chukua," akaniambia, "usome nayo." Sikusema uongo, nilimwambia kabisa ni ya kuchezea. Alicheka. Papa alikuwa mtu wa kucheka wakati ule, na lazima niseme hivyo, hata kama leo ninamkasirikia.

Upande wa rafiki yangu ndio uliokuwa mgumu. Kompyuta ya ofisi inatosha kuandika barua, lakini ukitaka mchezo wa kweli unahitaji kadi ya picha, kile kipande chenye feni zake chenyewe. Bila hicho mchezo unakwamakwama kama mtu mwenye kigugumizi. Ni kitu ghali kuliko mengine yote. Basi rafiki yangu alizunguka na beseni la jibini kiangazi chote, kuanzia Birere mpaka kwenye mageti ya Himbi, akibwekewa na mbwa wa wageni na kuambiwa arudi kesho na walinzi wanaojua kabisa kwamba kesho nao watamfukuza. Mwishoni mfanyabiashara mmoja akamletea kadi kutoka Kampala. Ilikuwa imetumika, feni moja inalia. Nilimwambia inanuka jibini. Akanijibu basi nisiiguse, nibaki na boksi yangu ya ofisi niandike barua za kuomba kazi.

Sasa mtucheke. Hatukupima. Kadi ilikuwa nene, boksi la papa jembamba, haikuingia hata kwa kubembeleza. Na kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya boksi kilikuwa kidogo mno kuilisha. Tulitazamana pale kama watu walionunua kitanda kisichopita mlangoni. Ndipo tukaenda kwa seremala wa vitanda atuundie sanduku la mbao, wazi upande mmoja ili joto litoke. Umeme tukautoa kwenye kifaa kikubwa tulichokipata kwenye mashini iliyokufa, tukakifunga nje kwa waya. Juu tukasimamisha antena mbili za kunasa intaneti ya simu, kwa sababu boksi la zamani halikujua mambo hayo. Vumbi letu jeusi la volkano liliingia kila mahali, na Jumamosi tulilisafisha kwa burashi ya rangi. Machoni ilikuwa mbaya, mawee! Waya huku, waya kule, taa nyekundu inapepesa ndani. Lakini ilipowaka na mchezo ukatembea bila kukwama, tulipiga kelele mpaka mama akaja na mwiko mkononi akidhani kuna moto.

Miezi ile ilikuwa mizuri. Sitaki kuipamba. Tulikuwa vijana wawili bila kazi tunaocheza mchana kutwa, lakini nilikuwa na furaha, na tangu hapo sijaipata nyingine ya aina ile.

Kisha vita ikaingia mjini. Banki zikafungwa, ofisi ya papa ikafunga geti, mshahara ukawa hadithi. Papa akaanza kushinda nyumbani, anasikiliza redio kwa sauti ya chini. Na watu wakaanza kutazamana. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko milio ya silaha. Kwenye bomba la maji, nje ya kanisa baada ya misa, kila mtu akawa anapima mwenzake, huyu ni wa wapi, yule yuko upande gani. Siku moja mama aliniita jikoni.

"Yule wa Masisi asizoee kuja-kuja hapa."

"Nani wa Masisi?"

"Unamujua."

Nilimjua, ndiyo. Alikuwa amekula kwenye sahani zake tangu shule ya msingi. Jina lake likapotea kinywani mwa mama hivyo, bila ugomvi, na hakulitaja tena. Na tusidanganyane, hata kwao walikuwa wanasema hivyo hivyo juu yetu. Mama yake alimuuliza anafuata nini kwa watu wa Bukavu, watu wenye midomo. Tulicheka juu ya hayo, sisi wapumbavu wawili, tukaendelea kucheza.

Nyumba yetu ni ya mbao kama nyingi za mtaa huu, na mbao haizuii sauti. Tulicheza mchezo wa vita, kwa sababu ndio tuliokuwa nao, na tulicheza kwa kelele. "Yuko nyuma ya nyumba! Mupige! Mwingine anaingia kwa mulango!" Katika mji mwingine, jirani anagonga ukuta anawaambia mnyamaze. Kwetu, wakati ule, jirani alisikiliza. Kisha akachungulia dirishani, akaona sanduku la ajabu lenye waya nje, taa nyekundu na antena mbili. Mimi sijui ni jirani yupi. Bado ninawasalimia wote, na bado ninajiuliza.

Shefu wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, alikuja saa za mchana, na watu wawili nisiowajua. Rafiki yangu alikuwa ametoka kwenda kwao kula. Shefu akasimama mbele ya sanduku, akalizunguka, hakuligusa.

"Hii ni nini?"

"Ni mashini ya kucheza, muzee," nikasema.

"Ya kucheza. Mashini ya kucheza inauzwa dukani, tunaijua, mutoto wangu anayo. Hii muliijenga ninyi wenyewe. Antena zinaongea na nani?"

Nilitaka kuiwasha aone mchezo kwa macho yake. Hakukuwa na kurant. Eeh, Mungu! Siku zote ilikuwepo saa hiyo, ila ile siku moja. Nilianza kueleza, kadi, feni, intaneti ya simu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona nyuso zao zinafungwa. Mmoja wa wale wawili aliniuliza kama ninaweza kuja nao nikaeleze vizuri huko.

Hapo papa akasema. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia yake mkononi, anaizungusha.

"Hii kitu si yetu. Ni ya mutoto wa pale, kwa watu wa Masisi. Wangu anamuchungia tu."

"Papa! Ni yetu sisi wawili!"

"Nyamaza! Wakubwa wanaongea!"

"Papa, boksi ulileta wewe mwenyewe!"

Alinipiga kofi. Hakuwa amewahi kunipiga tangu niote ndevu. Shefu alimwangalia papa, akaniangalia mimi, akaitikia kwa kichwa kwa namna ya mtu aliyepata alichokuja kukitafuta. Waliondoka. Nilisikia wakipiga hodi upande wa pili wa ukuta, nikasikia sauti ya rafiki yangu akiwaitikia kwa heshima, kisha mama yake akianza kulia. Nilitaka kutoka. Papa alisimama mlangoni na hakusogea.

"Ulitaka wakuchukue wewe?" akaniuliza. "Sema. Ulitaka wakuchukue wewe?"

Swali lile ninalibeba mpaka leo. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Papa wangu aliniokoa kwa kumtoa mtoto wa mwenzake, na mimi nimekaa hapa ninaandika kwa sababu yake. Nilimchukia siku ile. Ninamheshimu, ninamnunulia dawa, ninamwitikia "ndiyo, papa" kila siku, na ndani bado ninamchukia kidogo.

Rafiki yangu walimwachilia kesho yake. Hakupona vizuri haraka, alitembea amejishika ubavu. Familia yake ikaamua kuhama, waende kwa ndugu zao katika mji wa Kiwanja, kwani mtaani hapakuwa tena na mtu wa kununua jibini lao.

Kabla hawajaondoka alikuja kwetu. Akapiga hodi. Yule, ambaye alikuwa anaingia kwetu moja kwa moja mpaka kwenye sufuria, alisimama nje akapiga hodi. Papa na mama walikuwa sebuleni.

"Ni kweli papa yako alisema ni yangu?" akaniuliza tulipofika mbele ya sanduku. Aliongea bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Ni kweli. Mimi nilikataa."

"Najua. Nilikusikia mupaka kwetu." Akainama, akaanza kulegeza skrubu. "Asante. Lakini haikusaidia kitu."

Nikamwambia achukue yote, sanduku, boksi, ekra ya kutazamia, kila kitu. Nikaanza kuchomoa waya mwenyewe nimpakie.

"Acha," akasema. "Nifike nayo wapi? Kule njiani, kwenye kizuizi, wakiniuliza antena ni za nani, niseme za papa yako?"

Alisema kwa sauti ya kawaida, na sebuleni walisikia, kwa sababu redio ilizimwa. Akaitoa kadi taratibu, akapuliza vumbi, akaifunga ndani ya kitambaa. Nikamuuliza kama Kiwanja kuna mashini ya kuiweka, swali la kijinga, nilikuwa natafuta tu neno la kumchelewesha.

"Tayari iko na mutu wa kuinunua," akasema. "Ni pesa ya transport yetu."

Alipita sebuleni. Aliinama mbele ya papa na mama kama tulivyofundishwa sote. Papa akamwambia asalimie wazazi. Akaitika, "Ndiyo, papa." Mama hakumwangalia, alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake ambacho nina hakika hakikuwemo. Nilimsindikiza mpaka getini. Hakunipa mkono, na sikuunyoosha wangu, maana niliogopa aukatae. Simu yake haijapatikana tangu hapo.

Niliporudi, mama alikuwa amesimama mbele ya sanduku, mikono kiunoni. "Iwashe tuone," akasema. Kurant ilikuwepo. Nikarudisha waya za boksi la ofisi mahali pake, nikabonyeza. Bila kadi haiwezi mchezo wowote, lakini kwa kazi za karani bado ilikuwa nzima kabisa. Feni zikazunguka, ekra ikajaa rangi ya buluu, ukurasa mweupe wa kuandikia barua ukafunguka.

Mama alipumua, wa kwanza kupumua katika nyumba ile tangu shefu alipokuja. Akamgeukia papa, akamwambia, "Sasa ataniandikia nyimbo za kwaya." Kisha akaniona uso.

"Si inawaka?" akasema. "Haikupunguka kitu. Sasa unanuna juu ya nini?"