Mita Mbili za Zawadi

Mimi ni fundi cherehani wa Majengo, hapa Mpanda, na juzi nusura nizamishe watu kwa ukarimu.

Nahodha mmoja wa Karema, kule ziwani, aliniagiza tanga dogo la mashua yake. "Kiangazi upepo wa kusini una nguvu, mama. Usizidishe kipimo." Mimi, ambaye ziwa nalijua kwa dagaa tu, nikadhani anaona haya kuomba kitambaa kingi. Nikaunganisha mita mbili zaidi, bure.

Nikalipeleka mwenyewe hadi Karema. Nahodha aliliangalia, akakuna kichwa, ila asubuhi ziwa lilikuwa shwari; akalifunga, nami nikapanda kuliona likifanya kazi, tukaondoka. Njia nzima nawatambia abiria: "Mita mbili pale ni zawadi yangu!"

Jua lilipopanda, upepo ukaja. Tanga likafura, mashua ikalala ubavu, maji yakatufika magotini. Nilimwita Bikira Maria na marehemu mama yangu. Nahodha akalishusha tanga haraka, mabaharia wake wakapiga kasia mpaka ufukweni. Namshukuru Mungu, namshukuru na yeye. Hakunitukana hata kidogo.

Nikiwa natetemeka mchangani, mbele ya abiria wote, alichukua kisu, akafumua mshono wangu, akanifunika mabegani kile kitambaa cha ziada.

"Zawadi yako hii, mama. Imefaa."