Dola Mia Nne za Yunisi

Mimi Mudathir, fundi cherehani wa Bangwe, ndiye niliyezishona dola za Yunisi. Nalisema mapema, maana mtaani wanaisimulia habari hii kana kwamba zilijishona zenyewe.

Yunisi nimemfahamu miaka kumi na tano. Ni mwembamba, ana ulimi mkali, na pale sokoni Katonga hakuna mchuuzi aliyempunja sado ya dagaa akathubutu kurudia. Mumewe Januari ni mvuvi, mtu mpole, kazi yake nyumbani ni kukubali anachoambiwa.

Mwezi wa nne injini ya Januari ilizima, upepo ukamsukuma hadi ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Askari wa huko wakamkamata kwa kuvua bila kibali. Faini dola mia nne, ilipwe kabla Ijumaa haijaisha, la sivyo anapelekwa gereza la mbali. Shilingi zetu hawazitaki. Faranga za kwao wenyewe pia hawazitaki, na hapo ndipo ninapochukia. Hela imechapishwa Marekani, huko sisi hatujafika na wale hawajafika, halafu ndiyo inayoamua mvuvi wa Bangwe alale wapi.

Yunisi aliuza chanja zake za kuanikia dagaa, akaongeza mtaji wote. Benki walimwambia dola hakuna. Mwishowe akazipata kwa mfanyabiashara mmoja, kwa bei ya kumkomoa: noti nne za mia mia, mpya, hazina hata kunyanzi. Akaniletea Jumanne asubuhi.

"Mwakeye, fundi," alinisalimu. "Zishone kwenye pindo la kitenge. Ziwani wanapora, wanakupekua hadi kifuani."

Nikazishona. Nilipitisha mshono katikati ya noti, mara mbili, ili zisikunjamane wala kuteleza. Noti yetu ya elfu kumi hata ukiitoboa, muuza nyanya anaipokea na chenji anakupa. Sikujua kuwa dola hudeka. Tena nilijisifu, Mungu anisamehe. Nilimwambia hata akitumbukia majini hazitoki.

Alifika ng'ambo Alhamisi. Akafumua pindo mbele ya ofisa wa huko, akamkabidhi. Ofisa akainua noti ya kwanza dirishani, mwanga ukapenya kwenye matundu ya sindano, yamejipanga mistari miwili iliyonyooka. Kazi yangu hiyo.

"Mama, hizi haziwezi kupita," akamwambia. "Ziko na matundu. Leta zingine."

Alipiga magoti. Haikusaidia. Akazunguka kwa wabadilisha fedha wote wa mji ule, wa afadhali akampa nusu ya thamani, akaichukua. Ofisa akasema sheria haina nusu. Ijumaa jioni Januari akapakiwa kwenye lori pamoja na mahabusu wengine. Yunisi alimwona kwa mbali tu, hakupata hata kumpa shati alilombebea.

Aliporudi alikuja moja kwa moja kibandani kwangu. Nilitamani anitukane, ningepumua. Aliketi kwenye benchi akaomba maji. Nikamwambia nitauza cherehani. Tukapiga hesabu, haifiki, na huko gerezani faini imeshapanda mara mbili. Siku hizi anaanika dagaa wa wenzake kwa kibarua, na zile dola zilizobaki anazimega kidogo kidogo kwa ada ya binti yao Evaline na unga.

Juzi alikuwa amekaa hapo kwangu simu yake ikalia. Ni Januari, kaazima simu ya askari. Nilimsikia anakohoa kabla hajasema neno.

"Mama Evaline, zimepatikana?"

"Zimepatikana," Yunisi akajibu. "Nasubiri usafiri tu."

Nikainamia cherehani yangu, nikajifanya natunga uzi. Akamuuliza kama wanampa chakula. Januari akasema mara moja kwa siku, mchana.

"Basi ukila," akamwambia, "kula polepole."