Kuchagua Msumeno kwa Mtani wa Nyamisati

Nilitoka Kibiti kwa sababu ya bega. Vitanda vinavyopendwa siku hizi vina vichwa vya mapindo-mapindo, na kuyakata kwa msumeno wa mkono kulikuwa kunanimaliza. Nilitaka msumeno wa mkanda, ule wa umeme wenye ukanda wa meno unaozunguka juu ya magurudumu mawili, mdogo wa kuingia kwenye banda langu nyuma ya nyumba. Fundi Bakari wa Nyamisati alikuwa nayo miwili. Maradhi yalipomlaza, mkewe alinipigia simu: "Shemeji, njoo uchague mmoja kabla hatujawaita wanunuzi wengine."

Bakari alikuwa mtani wangu. Mimi Mmatumbi, yeye Mndengereko. Tulijifunza useremala pamoja, na toka ujana hatukuwahi kusalimiana bila kutukanana. Asiyejua utani angedhani tunachukiana.

Bungu tulifika jua likiwa bado la upole. Nilikuwa nimekodi toyo ya jirani yangu Seifu, pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo. Hapo tuliiacha lami tukaingia njia ya Nyamisati, mikorosho huku na huku. Seifu hakuacha kutazama mawingu.

"Mvua ikitukuta huko ndani tumekwisha," alisema. "Tufike, tupakie, tugeuze."

Nilikubali. Nyumbani nilikuwa na kitanda cha harusi ambacho hakijakamilika.

Nyamisati ilikuwa na shughuli zake za kawaida, boriti za mikoko zimerundikwa karibu na gati na abiria wa Mafia wanagombea kivuli. Nyumba ya Bakari iko nyuma kidogo. Nilimkuta barazani kwenye kitanda cha kamba, amekonda hata kofia inamzidi. Moyo ulinishtuka, lakini mdomo wa mtani haungoji moyo.

"Mmatumbi," alianza yeye, "njaa imekushusha mlimani?"

"Nimefuata mali. Nasikia unakufa."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi subiri nife, uchukue bure. Si haki ya mtani?"

"Nitachoka kusubiri. Nyie Wandengereko hata kufa mnachelewa."

Majirani waliokuja kumjulia hali waliangua kicheko. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la wali na kamba. Hakucheka.

Baada ya kula niliingia kwenye karakana yake. Msumeno mkubwa ulinivuta macho, lakini mota yake ilitaka umeme wa njia tatu, nami nyumbani nina wa njia moja. Nikaugeukia mdogo. Niliyazungusha magurudumu yake kwa mkono kuona kama yanayumba, nikapapasa mpira uliovishwa juu yake, nikalaza rula kwenye meza yake ya chuma kutafuta mwanga chini, kuona kama haijapinda. Kisha nikauwasha na kukata pindo kwenye kipande cha mninga. Ulifuata mstari wa penseli bila kunung'unika. Nikatoka barazani kumwambia kwamba nimeuchagua huo.

"Leo umekosea ukapatia," alisema Bakari. "Lakini mkanda wake unachomoka usipojua kuukaza. Lala hapa leo, mtani. Kesho nikipata nguvu nikuonyeshe. Kwa mdomo haielezeki."

"Nilale mbu wenu wapate karamu?"

"Lala bwana. Usiku wa huku mrefu."

"Mrefu kwa sababu ya kukoroma kwako. Shemeji kashanilalamikia."

Wakacheka tena. Naye alicheka, ila alichelewa kidogo, na macho yake yalibaki kwangu. Seifu alikuwa ameshafunga kamba za mzigo. Nikampa mkono Bakari, nikamwambia asife kabla sijarudi kumcheka, nikapanda toyo.

Njia nzima ya kurudi mvua haikunyesha.

Kibiti, siku iliyofuata, msumeno ulikata mapindo mawili, kisha mkanda ukachomoka. Nikaurudisha, nikakaza, ukachomoka. Nikalegeza, ukachomoka. Nilipiga simu Nyamisati, shemeji akasema mgonjwa amelala. Nikaahidi kupiga tena. Kitanda cha harusi kikaanza kunishughulisha, na simu iliyofuata aliipiga yeye.

"Shemeji," alisema, "mtani wako ametangulia."

Barabara ile ile ya mikorosho nilipita tena, safari hii bila mzigo, na Seifu hakutazama mawingu. Huko njiani ndiko nilikojifunza nililostahili kujifunza mapema: mtani naye ana maneno yake ya kweli, na mlango wa kuyapitisha ni ule ule wa mzaha. Bakari alipita mlango huo mara mbili akiniomba nilale kwake, nami mara zote mbili nilimcheka. Majuto ni mjukuu, na wangu nilimpakata hadi Nyamisati.

Kwetu mazishi hayakamiliki mtani asipoleta fujo zake. Jeneza lilipotolewa nje nilisimama mbele ya wabebaji nikanyoosha mikono kuwazuia, kama ilivyo haki yangu. Watu wakangoja nitakachosema.

"Haendi popote huyu," nilisema, "mpaka aamke anionyeshe kukaza mkanda."

Wakacheka, hata waliokuwa wakilia. Shemeji peke yake, pale mlangoni, hakucheka. Alijua sitanii.