Boya la Kabureta

Sifa ni mafuta ya ini la papa, wavuvi hupaka mitumbwi yao ili mbao zisinywe maji. Harufu yake ikikushika nguoni, hata paka wa jirani wanakufuata. Lakini ikichanganyika na petroli hutokea harufu ya tatu, ambayo nadhani duniani hapa tumeinusa wachache sana. Juzi nimeipata tena ufukweni, kwenye boti ya mashine, nikajikuta nimesimama nikicheka peke yangu.

Enzi za Mwingereza tulikaa Boko, wakati Boko ni mikorosho na nyumba chache za makuti kando ya barabara ya Bagamoyo. Baba alikuwa dereva wa lori katika shamba la mkonge. Bwana wa shamba alipochoshwa na gari lake dogo lililokufa, alimwachia baba, na wanaume wakalisukuma mpaka uani kwetu. Kuku walilihamia siku ileile.

Mama alikuwa mjamzito, miezi ya mwisho. Kabla ya hapo, mdogo wangu mmoja alizaliwa njiani, juu ya mkokoteni, mama akipelekwa hospitali mjini, na akafia hapohapo. Nyumbani hakutajwa. Lakini baba alipoanza kufungua boneti kila akitoka kazini, nilijua, kama alivyojua kila mtu Boko, kwamba gari lile lilitakiwa kuwaka kabla mama hajashikwa na uchungu.

Bibi mzaa mama alikaa Ilala, si mbali na hospitali. Kila mara alituma salamu kwamba binti yake aende akasubirie huko. Mama alijibu kwamba bado kidogo.

Nilikuwa mtoto wa kike mwenye udadisi wa kuudhi, na nilitaka kujua gari linakunywaje. Baba hakuwa msemaji, ila swali likiwa la injini alifunguka. Alinieleza kwamba injini hainywi petroli kama sisi tunavyokunywa uji. Inaivuta kama pumzi, imechanganywa na hewa, na mchanganyaji ndiye kabureta. Kabureta ya gari letu ilikuwa imepasuka, na kile chombo cha kuvuta petroli kutoka tangi la nyuma kilikuwa kutu tupu. Basi akabadili njia nzima ya mafuta. Alichukua kabureta ya lori bovu la shambani, akachonga bamba la chuma la kuishikiza kwenye injini maana matundu hayakulingana, kisha akafunga debe juu, mbele ya kioo, ili petroli ishuke yenyewe kwa mrija wa shaba. Jirani mmoja aliuliza kama gari limetoka kisimani.

Ndani ya kabureta kuna boya. Petroli ikijaa, boya linapanda na kufunga njia. Ikipungua, linashuka na kuifungua. La kabureta ile lilikuwa la bati la shaba, limetoboka, linazama. Baba akaenda Kunduchi kwa rafiki yake mvuvi, Mzee Kombo, akarudi na boya la wavu, la mti mwepesi, akalichonga kwa wembe mpaka likaenea. Mzee Kombo alikuwa amemsisitizia kwamba boya lisilopakwa sifa hulowa. Baba akalipaka likang'aa.

Gari liliwaka. Kuku walitoka chini ya viti kwa kelele, mimi nikacheka hadi nikakaa chini. Lilifika barabarani, likakohoa, likazima, petroli ikachuruzika chini ya injini. Baba alipofungua kabureta, boya lilikuwa limelowa na kuzama, na sifa yote imeoshwa. Alikaa mchangani akafunika uso kwa mikono. Sikuwahi kumwona baba akilia, na niliogopa sana.

Mama akaja polepole, mkono kiunoni, akalinusa lile boya.

"Baba Zuhura, sifa si mafuta?"

"Ni mafuta."

"Na petroli je?"

Baba alilichukua lile boya, akalinusa naye.

"Mafuta umeyatia ndani ya mafuta, yasiyeyuke kwa nini? Sifa inayakataa maji. Tafuta kitu kinachoyeyuka kwa maji, huenda hicho petroli ikakishindwa."

Kitu hicho nilikuwa nacho mie. Watoto wa Boko tulibandika tiara zetu za karatasi za kurusha angani kwa utomvu wa mkorosho, tukiulainisha kwa maji. Nilikimbia nikaleta bonge. Tulilitumbukiza katika kikombe cha petroli, na asubuhi lilikuwa gumu vilevile. Baba akachonga boya jingine, akalipaka utomvu, akalianika juani.

Uchungu ulimshika mama adhuhuri, gari halijajaribiwa hata kufika Kunduchi. Majirani walisema aitwe mkunga. Mama alijifunga kanga, akapanda gari mwenyewe, akasema, "Twende." Mimi nilikaa nyuma na furushi la nguo, nikisikiliza injini njia nzima. Tulifika. Mdogo wangu wa kiume alizaliwa alasiri ile, na mpaka leo ana maneno mengi kuliko baba na mama kwa pamoja.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kisa cha boya na utomvu. Kisha nikabeba mimba yangu ya kwanza, na mapema kabisa nikahamia kwa shangazi, hatua chache kutoka hospitali. Ndipo nilipoikumbuka Ilala. Nilimwendea mama, baba akiwa ameshafariki, nikamkuta anachambua mchele. Nikamuuliza kwa nini hakwenda kwa bibi.

"Ule mkokoteni aliusukuma baba yako," alisema. "Ningekwenda Ilala, angejua naogopa kusafirishwa naye tena."

Nilimkasirikia. Angeweza kufa barabarani, akatuachia gari. Nikavuta ungo upande wangu, tukachambua mchele pamoja.