Machozi ya Mkwe Wangu

Si kweli kwamba mkwe wangu, mume wa binti yangu, alimlilia marehemu mume wangu kuliko mimi, kama wanavyosema wanawake wa kanisa letu hapa Vermont, Marekani. Machozi aliyatoa, nami nilikuwepo. Asubuhi ya mazishi nilimkuta sebuleni na suti yake nyeusi, miguu peku, ameng'ang'ania kidhibiti cha mchezo wa video. Kwenye televisheni, kijana wa kuteleza kwenye theluji kwa ubao alikuwa akipinduka hewani, sarakasi moja ikiunganishwa na nyingine, na akianguka tu pointi zote zinafutika. Vidole vyepesi vya mkwe wangu havijawahi kushika sepetu kuondoa theluji mlangoni kwangu.

"Gari la maiti limefika," nilimwambia. "Wabeba jeneza wenzako wanakusubiri wewe."

"Kidogo tu, mama. Sijawahi kuunganisha sarakasi nyingi hivi."

Binti yangu Corinne akaingia. "Aliye nje ni baba yangu, na wewe bado unateleza?"

Mkwe aligeuka kumtazama, na kijana wa kwenye televisheni akaanguka. Pointi zote zikafutika, na hapo ndipo alipolia kwa kwikwi. Wanawake wa kanisa, walioleta vyakula vya msiba, wakaingia na kumkumbatia, wakayatazama macho yangu makavu. Nilinyamaza kwa ajili ya Corinne. Leo nimesema kwa ajili ya marehemu. Atakayeniuliza zaidi sitamjibu.