Feni Iliyojiinua Yenyewe Kanyaruchinya

Mpaka leo nikipita Kanyaruchinya navuta kofia mpaka kwenye pua, na si kwa sababu ya baridi, ni kwa sababu kuna watoto pale ambao wakiniona tu wanasimama kando ya barabara na kunifanyia kwa mdomo, ta-ta-ta-ta, kisha wanakimbia huku wamekumbatia dumu la kuigiza, wanaanguka kwa kicheko, na mama zao wala hawawakatazi. Wananiigiza mimi, na wananiigiza vizuri. Basi kaeni niwaeleze yote, maana najua mmeshasikia vipande vipande na vingine vimetiwa chumvi, ingawa habari yenyewe ni mbaya vya kutosha bila chumvi ya mtu.

Mnanijua, mimi Kambale, dereva, mtu wa Butembo (kwetu karibu kila nyumba ina Kambale wake, lakini aliyefanya haya ni mimi). Gari langu ni lile la zamani, lililokuwa la mikate kabla sijalinunua, na ubavuni bado limeandikwa kwa herufi nyekundu kwamba mkate uko moto. Nilimleta mama yangu Goma atibiwe pumu, tukapanga kukaa kidogo tu na kurudi, halafu vita vikaifunga barabara ya Rutshuru nyuma yetu, na mji ukajaa watu waliokimbia mpaka chumba cha kupanga kikawa kitu cha kuota. Hivyo gari likawa nyumba. Niligonga kitanda cha mbao upande mmoja, nikaweka jiko la makaa karibu na mlango, nikatundika picha ya Bikira Maria juu ya sufuria, na tukaegesha Kanyaruchinya pembeni mwa kambi ya waliokimbia vita, kwa sababu mama alipata rafiki pale, Mama Furaha, aliyekuwa amekimbia Rugari na watoto wake. Wakawa wanasali rozari pamoja na kugawana majani ya maboga.

Shida ilikuwa hewa. Gari la mikate halina madirisha, mikate haipumui, lina kile kioo cha mbele tu na kitundu kimoja ubavuni cha ukubwa wa sahani. Ukipika ndani, moshi unabaki. Ukilala, joto la watu linabaki. Ukifungua mlango, vumbi jeusi la barabarani linaingia na kukaa kifuani mwa mama. Nilikuwa namsikia anaketi kitandani, mgongo kwenye bati, anavuta pumzi kwa mdomo na filimbi ndani ya kifua, na mimi nimelala sakafuni najifanya sisikii, kwa kuwa nikisikia ni lazima nifanye kitu na kitu cha kufanya sikuwa nacho. Nililia siku moja, nawaambia ukweli, mtu mzima na ndevu zangu.

Ndipo fundi mmoja akaniambia nitoboe paa niweke feni, zile ambazo Wazungu wanaweka kwenye magari yao ya kulala. Nikaenda Birere kwa Papa Ramazani, mzee mmoja wa asili ya Kasongo anayeuza vitu vilivyotolewa kwenye magari yaliyochakaa ya Ulaya, na mama nikamchukua (kosa langu la kwanza si kumchukua, kosa ni kutomsikiliza). Papa Ramazani akazipanga feni tatu kwenye meza, akachoma kipande cha katoni chini ya kila moja ili tuone moshi unakwenda wapi.

Ya kwanza ilikuwa kile kichwa cha bati kinachozungushwa na upepo, kama vilivyo juu ya madepo ya bidhaa. Haili umeme hata kidogo, lakini upepo ukilala na yenyewe inalala, na moshi wa katoni ulituzunguka tukakohoa wote. Ya pili ilikuwa ndogo, ya volti kumi na mbili, betri ya gari inaitosha, ina kifuniko cha plastiki unachokifungua kwa mkono kwa kuzungusha kishikio kilicho ndani, na ina swichi ya kuifanya ivute hewa nje au iingize ndani. Moshi ulichukua muda, ukaondoka. Ya tatu, jamani. Pana, panga zake za chuma, kifuniko kizito cha rangi ya kijivu, na ikisikia joto inajifungua yenyewe kwa mota, kifuniko kinainuka taratibu, ikiguswa na mvua inajifunga. Moshi wa katoni hatukuuona ulikopita.

"Hii inakula volti vingt-quatre," Papa Ramazani akasema. "Ile ya mukono haina matata."

"Chukua ile ya mukono," mama akasema. "Mukono niko nayo."

Nikamjibu, "Mama, weye utalala tu. Itafungua yenyewe, itafunga yenyewe."

Kwa kweli si mama peke yake niliyemfikiria. Wakati ule hakuna kitu kilichokuwa kinakwenda chenyewe, maji unayafuata, chakula unakipangia foleni, barabara unaomba ifunguliwe, na mimi nilitamani niwe na kitu kimoja maishani ambacho kinafanya kazi bila kunibembeleza. Nikaichukua kubwa.

Sasa sikilizeni jinsi kitu kimoja kinavyozaa kingine. Volti ishirini na nne zilitaka betri ya pili, nikaitafuta. Tundu la paa lilikuwa pana kuliko feni, mvua ikapitia pembeni, nikafunika paa lote kwa turubai na kuacha nafasi ya feni tu, na turubai lililopatikana lilikuwa la kijani, lile la kijani la kijeshi mnalolijua. Halafu feni ikavuta moshi vizuri mno na kuumwaga moja kwa moja kwenye hema la Mama Furaha, ambaye alikuja kwa adabu yake yote akasema, "Papa Kambale, moshi yenu inatuingilia, batoto banakohoa." Nikaona aibu. Nikaenda Katindo kwa mchomeleaji, tukafunga bomba refu la bati juu ya kile kifuniko ili moshi upitie juu ya mahema, kwa hiyo kifuniko kikiinuka na bomba linainuka nacho, linaelekea mbele na juu. Skrubu moja ilikuwa ndefu ikachomoza kwa ndani karibu na panga za feni. Nikasema nitaikata kesho.

Mwanajeshi mmoja wa kambi ya jeshi ya pale Katindo alipita akatazama gari, akatazama bomba, akaniuliza, "Papa, na weye unaenda ku fronti?" Tukacheka wote, mimi nikicheka kuliko yeye, na hapo ndipo Mungu aliponipa nafasi ya mwisho nikaiacha ipite.

Nilirudi nikaegesha pale pale, uso wa gari ukielekea kwenye tangi la maji ambapo watu walikuwa wamejaa, nikachukua dumu nikashuka kupanga foleni. Siku zile watu walikuwa wanasikia mabomu upande wa Kibumba na kila mtu alikuwa amelala na vitu vyake vimefungwa. Mama, huko ndani, akabandika maharage, akafunga mlango kwa ajili ya vumbi. Gari likapata joto. Feni ikafanya kile nilichoinunulia.

Mimi sikuona, nilikuwa nimeligeuzia gari mgongo, dumu langu ndiyo kwanza limejaa. Nilisikia ta-ta-ta-ta-ta, kavu, ya karibu, nikaona mwanamke aliye mbele yangu anatazama juu ya bega langu na uso wake unabadilika, kisha sauti ikatoka nyuma ya foleni, "Bamefika, bako hapa juu," na kambi nzima ikainuka. Sijui niseme nini kuhusu kuona watu waliokwisha kukimbia wakikimbia tena. Hawapigi kelele sana. Wanajua cha kubeba. Godoro kichwani, mtoto mgongoni, sufuria yenye uji bado wa moto, chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinashuka zikiwa na wazee wameketi juu ya magunia, na mimi katikati yao nimekumbatia dumu langu la maji nakimbia. Sikugeuka. Nilimpita mwanamke mwenye mimba, nilimpita mzee mwenye fimbo, na mama yangu mwenye pumu nilikuwa nimemwacha ndani ya sanduku la bati lenye mlango uliofungwa. Mawazo yangu yote yalikuwa miguuni.

Nilisimama Munigi kwa sababu pumzi ziliisha, si kwa sababu nyingine. Watu walikuwa wameketi kwenye mawe ya volkano, na mwendesha chukudu mmoja alikuwa anaeleza.

"Minaona na macho yangu," akasema. "Gari iko na bashi ya kijani. Bunduki inapanda yenyewe juu, hakuna mutu mwenye anaigusa, kisha inatoa moshi."

"Gari ya namna gani?" mtu akauliza.

"Ile ya mukate. Banaandika mukate pembeni. Banafichama ndani ya gari ya mukate, wale batu ni wabaya."

Wenzangu, niliweka dumu chini. Nikaikumbuka ile skrubu, na panga za feni zikiigonga. Kila mtu pale alikuwa anatikisa kichwa kuhusu ubaya wa wale watu, na mimi nikatikisa pia (naam, nilitikisa, nilifika hapo), kisha nikainuka na kuanza kupanda kurudi, peke yangu, mkondo wote wa watu ukinijia usoni, na kila anayenipita ananiambia kwa huruma, "Papa, usirudie kule, batakuua."

Gari lilikuwa linapiga ta-ta-ta kwa utulivu kabisa. Nikazima swichi. Mama alikuwa ameketi kitandani, miguu imenyooshwa, leso begani, sufuria imeiva.

"Nilikuona kwa katundu," akasema. "Ulikuwa unakimbia mbio sana. Nikasema, pengine banamufukuza."

Nikageukia jiko.

"Kisha nikasema, atarudia. Keti ukule." Akanipa sahani, akavuta pumzi ndefu, ya kwanza bila filimbi tangu tuondoke Butembo. "Leo nimepumua, Kambale."

Nilitamani anitukane. Maharage yale sikuyameza hata punje.

Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu na ninyi mshukuruni kwa niaba yangu. Lakini mzee mmoja alivunjika mkono, mahema kadhaa yaliibiwa wakati wenyewe hawapo, na mtoto wa kati wa Mama Furaha alipotea mpaka jua linazama, akaletwa na mtu wa pikipiki, hana kiatu kimoja. Mama Furaha hakunigombeza. Alisema tu, "Ule mukubwa aliniuliza, mama, sasa tunakimbilia wapi tena?" Akaingia hemani kwake.

Kesho yake mkuu wa kambi akaniita. Watu walikuwa hawataki kulala karibu na gari lile, akasema, na lazima waone kwa macho ni kitu gani. Akanipa kipaza sauti. Wakakusanyika kwenye tangi la maji, kwa mbali, watoto wakiwa wameshaziba masikio, nami nikapanda juu ya paa mbele ya umati ule nikasema, "Hii ni feni. Ni ya kutoa moshi. Ni ya mama yangu, anaumwa kifua." Nikawasha. Kifuniko kikainuka na bomba lake, na nikaona safu nzima ya mbele ikirudi nyuma hatua moja, pamoja na kwamba nilikuwa nimeikata skrubu na hakukuwa na sauti yoyote ila upepo. Bibi mmoja alianza kucheka, wengine wakamfuata, nikadhani yamekwisha. Ndipo mzee aliyefungwa mkono akainua ule mzima.

"Papa," akasema, "kama iko ventilatere, juu ya nini na weye ulikimbia?"

Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni, na watu wote walisikia jinsi nilivyokosa la kusema. Kicheko kilikatika. Walinitazama, kisha wakalitazama gari, na mama alikuwa amesimama mlangoni na leso yake, anasubiri jibu kama wao.

Jioni ile aliniambia neno moja, "Toa." Nikamwambia, mama, skrubu nimekata, bomba nitalitoa, turubai nitalipaka rangi nyingine. Akasema hataki kupumua kwa kitu kinachowafanya watoto wa wenzake wajikojolee. Nikaitoa. Nikakimbilia Birere kubadilisha, angalau nipate ile ndogo ya mkono, na Papa Ramazani akafungua mikono, imeshachukuliwa, akasema, na nyingine hajui italetwa lini, barabara zenyewe ndizo hizi. Tundu la paa nimeliziba kwa ubao. Filimbi ya kifua cha mama imerudi na kukaa mahali pake.

Sitanunua tena kitu kinachojiinua chenyewe, hilo nimeapa na mnaweza kunishuhudia. Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Sasa nampepea mama kwa kipande cha katoni mpaka mkono ufe ganzi, na mabomu yakilia upande wa Kibumba, yale ya kweli, hatazami mlango wala kile kitundu. Anatazama miguu yangu. Kwa hiyo siku hizi nikiingia ndani navua viatu, nampa, anaviweka chini ya mto wake, na hakuna kati yetu aliyewahi kusema ni kwa nini.