Alichokiona Kwenye Ntumba za Mama

Habari za kifo chake nilizisikia redioni juzi, nikinywa chai hapa Sumbawanga. Msomi wa viumbe na mazingira, walisema, mtetezi wa ardhi. Mungu amrehemu. Lakini mtetezi wa ardhi ya nani? Marehemu hasemwi vibaya, najua, ila wasomaji wangu, leo mnivumilie.

Alikuja kwetu, upande wa Kaengesa, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kijana wa chuo kikuu anayesomea shahada ya pili. Alitaka kujua nini kinaurutubisha udongo wa Ufipa. Mama akampa chumba, akamlisha ugali wa ulezi, akamfundisha kutengeneza ntumba: unakusanya majani, unayafukia kwa udongo mpaka kiwe kilima kidogo, unapanda maharage juu; majani yakishaoza, msimu unaofuata unakitawanya na kupanda ulezi. Jamaa alichimba, akanusa, akaokota minyoo huku akicheka. "Mama, udongo huu uko hai! Msije mkaacha!" Alimwita mama, naye akamwita mwanangu. Jamani, tulimpenda.

Kisha akaja kiongozi kutoka wilayani, akatangaza mkutanoni kwamba ntumba zote zivunjwe, watu walime matuta marefu yaliyonyooka. Mama akasimama. "Ndugu kiongozi, mimi sijasoma. Muulize huyu mwanangu, yeye amepima." Wote tukamgeukia. Akainuka, akajipangusa suruali, akasema, "Ndugu kiongozi, ntumba ni kilimo cha kizamani." Akaketi bila kumtazama mama. Loo! Mtu aliyekula kwetu misimu miwili! Nadhani alihofia kunyang'anywa kibali cha utafiti. Nani hakuogopa miaka ile? Mama hakuogopa.

Tulizivunja kwa majembe yetu wenyewe, maharage yakiwa na maua. Mvua zilipokuja zikaubeba udongo hadi bondeni, na ulezi wa mwaka ule haukujaza hata kihenge kimoja. Yeye akapata shahada yake. Miaka ikapita, siasa zikabadilika, ndipo akaanza kusifika kwa kueleza jinsi ntumba zinavyohifadhi ardhi. Kweli ileile, imesemwa ilipokuwa haina hatari tena.

Nilimlaani sana jioni ya siku tuliyozivunja ntumba. Mama, akichambua majani ya maharage tuliyookoa, akanikatiza: "Mwanangu, sikutaka anitetee. Nilitaka aseme alichokiona." Mama hakulitaja tena jina la kijana yule mpaka anazikwa. Basi vijana mnaokwenda vijijini kutafiti, pimeni mnachotaka kupima. Ila siku mtakapoulizwa mbele ya watu, aliyewapa ugali atakuwa ameketi palepale, anawatazama.